Mwaka wa Pipa la Shaba

Zuhura alizikwa kule Ushetu siku ya Jumatano, katika shamba la mwanawe, nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Nilichelewa kwa sababu basi lilikwama njiani, kwa hiyo sikuuona uso wake. Niliukuta udongo tu, na wanaume wakijipangusa mikono. Nilikaa matanga siku tatu. Siku ya pili, tulipokuwa tunachambua maharage uani, binti yake mkubwa, Mwajuma, aliniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni tangu utotoni. "Mama mdogo, Mama alikuwa anatuambia kwamba wewe uliwahi kuingiza mkono kwenye mdomo wa mumiani, na yeye akakufunga kanga kiunoni ili akuvute. Ni kweli, au alikuwa anatutisha tu?" Wanawake wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilimjibu kwamba ni kweli, ila yule mumiani hakuwa mumiani, na hata hivyo yuko mtu alikufa. Mikono yao ikasimama juu ya nyungo. Niliwasimulia kwa mkato, kama watu wanavyosimulia msibani, huku wengine wakiingia kutoa pole na wengine wakiitwa jikoni. Nyumbani nikaona haikutosha. Katika wote tuliokuwepo nimebaki peke yangu, na mambo yale hayakuwa ya mkato.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa sijafikisha miaka ishirini na mbili. Mume wangu Masanja alipata kazi ya shimoni katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, nami nikamfuata na magunia mawili: moja la nguo, moja la michembe, viazi vyetu vya kukausha. Tulipewa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya wafanyakazi, paa la bati, ukuta uliopakwa chokaa ambao ukiuegemea ulikuachia mgongo mweupe. Kitanda kilikuwa cha kamba. Upande wa kushoto alikaa Mhaya aliyesali kwa sauti kila alfajiri, upande wa kulia Wanyamwezi watatu waliopika kwa zamu na kugombana kwa zamu. Kila kitu kilisikika. Nilijua nani kaunguza ugali, nani kaota kwao. Chakula chetu kilikuwa ugali wa mtama na furu wakavu, samaki wadogo waliotoka ziwani Nkome, na siku za neema maziwa ya mgando. Nasema haya ili ieleweke kwamba hatukuishi kwa hofu tangu mwanzo. Miezi ya kwanza nilikuwa na furaha, tena furaha ya kujivuna, kwa sababu nami nilipata kazi: kufua katika hospitali ya mgodi.

Zuhura ndiye niliyemkuta pale. Alikuwa Mwislamu wa Tabora, amenizidi miaka kama kumi, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sabuni ya magadi. Mimi nilijua Kisukuma tu, na Kiswahili cha salamu. Kiswahili ninachokiandika hapa nilifundishwa naye juu ya mahodhi ya saruji, neno kwa neno: kuloweka, kufikicha, kusuuza, kukamua, kuanika. Mashuka ya hospitali ni mazito yakilowa. Tuliyakamua wawili wawili, yeye huku, mimi kule, tukizungusha kila mtu upande wake mpaka kiganja kinawaka moto. Jioni vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya bibi kizee. "Mdogo wangu," alikuwa akisema, "Mungu akinipenda atanipa mikono mingine." Nami nilimwita Dada Zuhura, na sikujua kwamba nitamwita hivyo maisha yangu yote.

Kisha jiwe likamwangukia Masanja. Lilivunja mfupa wa paja. Waliponiita nilimkuta amelazwa, mguu umetundikwa kwa kamba juu ya kitanda, na kwenye ncha ya kamba uzito wa chuma unaning'inia. Daktari, Mzungu mrefu mwenye miwani mizito, alinieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kamba hapana gusa. Kamba natoka, mguu nakufa." Kitanda cha pili yake alilala Luhende, kijana wa shimo lile lile, aliyebanwa nyonga na gari la mawe. Daktari alisema Luhende asigeuzwe hata kidogo, kwa sababu ndani alikuwa ametoka damu na damu ile ilikuwa imesimama kwa shida. Luhende alikuwa mcheshi. Kila mchana nilipoleta chakula aliniuliza, "Mke wa Masanja, leo umetuletea ng'ombe?" Nami nikimpa viazi vilivyopondwa na karanga, akila vijiko vitatu, akisema ng'ombe alikuwa mtamu. Dirisha la wodi lilitazama ua wetu wa kufulia. Masanja aliniona nikianika, nami nilimwona akiniona. Nilizoea hivyo. Niliamini kwamba mvua zikiisha atatembea.

Ndipo likaja lile lori kutoka kituo cha reli cha Shinyanga. Daktari alikuwa amenunua kwa barua vifaa vya kambi moja ya jeshi iliyokuwa inafungwa, vyote kwa pamoja, bila kuviona. Yalishushwa makasha ya vitanda, ndoo, mabeseni, viti vya magurudumu. Kasha la mwisho lilibebwa na wanaume sita. Walipovunja mbao tuliacha kufua, tukatazama. Kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukiona, na ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona chote. Pipa la shaba lililolala ubavu, lenye kutu ya kijani, juu ya miguu minne ya chuma. Mfuniko wenye komeo. Ndani ya pipa, pipa jingine jembamba lililotobolewa matundu mengi, kila tundu kidole kinaingia. Chini kulikuwa na mota nyeusi yenye mkanda. Juu, roli mbili za mpira, vigogo vya kuviringika vilivyobanana kama midomo, na mkono wa kuzungushia. Na pembeni bomba la mpira mwekundu, refu, la aina ile ile waliyoitumia wodini kwa wagonjwa. Palikuwa na kibao cha jina, lakini mchanga na kutu vilikuwa vimekila. Petro, dresa wetu wa kufunga vidonda, aliyesoma misheni, aliinama akasoma herufi tatu zisizo na maana akainuka. Hakukuwa na karatasi yoyote. Daktari alilizunguka mara mbili, akakuna kichwa, akaamuru liwekwe katika chumba cha saruji.

Chumba kile kilikuwa na bomba la maji na mfereji sakafuni wa kupitisha maji nje. Kilipakana na chumba cha maiti. Labda daktari hakuwaza lolote zaidi ya mfereji. Lakini sisi tuliwaza. Kitu chenye matundu, bomba la mpira, roli za kukamulia, kimewekwa penye mfereji, ukuta mmoja na wafu. Zuhura aliniambia polepole, bila kuinua macho kwenye hodhi, "Unajua mumiani, Kabula?" Nilijua. Nani hakujua? Tangu wadogo tulionywa juu ya watu wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Nilijua, ila kwetu wakati wote mumiani alikuwa yuko mbali, katika mji mwingine, kwa watu wengine.

Kesho yake daktari alimwita fundi mkuu wa mitambo ya mgodi alitazame. Walisimama mlangoni wakibishana kwa Kiingereza. Fundi alionyesha matundu kwa kidole, na baadaye tulijua alikuwa anashikilia kwamba ni mashine ndogo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, kwani chekeche za mgodini zilikuwa na matundu kama yale. Daktari akakasirika, akalipiga lile pipa teke mguuni, akasema maneno, akaondoka. Petro alikuwa amesimama karibu na ndoo ya dawa. Alipokuja upande wetu uso wake ulikuwa wa majivu. "Wanasemaje?" Zuhura akamuuliza. Petro akasema, "Kiingereza chao ni cha haraka. Nimeshika neno moja tu." "Neno gani?" "Damu. Daktari amesema, mashine ya damu." Nakumbuka shuka likinitoka mkononi na kuzama taratibu. Baada ya mambo yote kwisha, daktari mwenyewe alimweleza Petro kwamba lile ni tusi lao tu. Mzungu akichoshwa na kitu hukiita cha damu, kama sisi tunavyosema cha laana. Lakini maelezo hayo yalikuja wiki mbili baadaye, na neno lilikuwa limeshafika kila chumba cha kambi kabla sufuria za jioni hazijaepuliwa.

Wajukuu zangu wakisikia sehemu hii huona tulikuwa wajinga. Tulikuwa watu tulioona mtu anatoka kwao mzima, anaingia shimoni na wenzake, na jioni anarudishwa ndani ya blanketi. Tuliona mawe yakisagwa usiku na mchana na hatukuwahi kuishika dhahabu. Angetokea mtu akatuambia kwamba hapa hakuna kinacholiwa ila mawe, tungemwaminije? Hofu ilipokuja ilikuta nyumba imekwisha fagiliwa, ikaingia na kuketi. Wagonjwa wanaoweza kutembea waliondoka kimyakimya. Mama mmoja aliyejifungua juzi yake alipita mbele yetu na mtoto kifuani, hakutuaga, hakututazama. Nadhani alituona sisi wafuaji kuwa watumishi wa kitu kile. Kisimani wanawake waliponiona walinyamaza. Nami mlango wa chumba cha saruji nilikuwa naupita mbio.

Masanja alikuwa hawezi kwenda popote. Mchana wa siku ya tatu nilimkuta ameshika kamba yake kwa mikono miwili. "Nitoe humu, Kabula." Nikamwambia daktari alivyosema kuhusu kamba. "Daktari!" akasema. "Ng'ombe akifungwa kamba mguuni huwa anangoja nini?" Luhende naye siku hiyo hakuuliza habari ya ng'ombe. Macho yake yalikuwa juu, kwenye dari, na midomo imekauka.

Saa tisa alasiri alikuja Ngassa, kaka yake Luhende, pamoja na wanaume watatu na machela ya miti. Alikuwa mtu mzito, mpole, mfugaji asiyejua mambo ya mgodi. Nilimwamkia, "Shikamoo shemeji," maana kwao na kwa kina Masanja ni kijiji na kijiji. "Marahaba, mayu," akaitikia, kwa heshima ya Kisukuma ya kumwita mwanamke mama. "Tumekuja kumchukua mdogo wetu. Yuko mganga wa mifupa kule mlimani, mwendo wa nusu siku." Daktari alikuwa amekwenda kambi nyingine. Petro alisema, "Hairuhusiwi," lakini alisema akitazama chini, akarudi nyuma hatua moja. Wakamfunga Luhende katika blanketi la kitanda chake wakamwinua. Alilia mara moja tu, sauti fupi. Mlango wa wodi ulikuwa wa kujifunga wenyewe, na machela ilikuwa ndefu. Ngassa akaniambia, "Mayu, tushikie mlango." Nikaushika. Niliushika kwa mkono wangu huu wa kulia, wakapita, nikauachia. Kisha Ngassa akarudi peke yake akainama kwa Masanja: "Machela ni moja. Kesho adhuhuri tunakufuata wewe." Masanja akamshika mkono kama mtu aliyeona ukingo wa mto.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuta kitanda kitupu. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku ile. Alipotulia alikuja uani kwetu akiwa mwekundu masikioni. "Nyinyi mbili. Mashine safisha. Kile kibao safisha sana, mimi nataka soma, nataka jua hii kitu gani. Leo!" Akampa Zuhura ufunguo. Alipoondoka Zuhura aliuweka ufunguo ukingoni mwa hodhi kana kwamba unaunguza. "Mimi sinoi kisu nitakachochinjiwa," akasema. "Narudi Tabora. Leo hii." Alianza kufungasha: kanga yake, kikombe chake, kipande chake cha sabuni. Mimi nilitazama dirisha la wodi. Masanja alikuwa ananitazama. Ilikuwa saa mbili. Adhuhuri ilikuwa saa nne tu mbele, na sikujua lipi la kuogopa zaidi: kwamba watakuja kumchukua na mguu utakufa kama alivyosema daktari, au kwamba nitawazuia na kumbe mashine ni kweli. Nilichoka kutojua. Ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo, haikuwa ushujaa. Nikachukua ndoo ya majivu na ndimu, nikachukua ufunguo.

Zuhura akanifuata mpaka mlangoni akisema maneno ya kunizuia. Alipoona siachi, alivua kanga yake ya pili, akanifunga kiunoni mafundo mawili, akazungushia ncha ya pili mkononi mwake, akasimama nje ya kizingiti, mguu mmoja umekanyaga fremu ya mlango. "Ikikushika nitavuta. Ikinishinda nitapiga yowe. Ikishindikana kabisa, nisamehe."

Ndani palikuwa na baridi. Nilianza na kibao, nikasugua kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikang'aa, lakini herufi zilizokufa hazikufufuka. Zilibaki zile tatu. Nikasugua tumbo la pipa. Maji ya ndimu yakaniingia machoni. Kisha nikafungua komeo, nikainua mfuniko. Nilitegemea harufu ya damu kavu, ninaijua, ndiyo kazi yangu. Nilinusa shaba, vumbi, na kitu kingine chini yake nilichokifahamu lakini sikuweza kukiita jina. Harufu ile ndiyo iliyoniingiza mkono. Nikaupitisha kwenye ukingo wa lile pipa la matundu, kiwiko, bega, shavu langu limelala kwenye shaba, mpaka vidole vikapata nafasi kati ya pipa la ndani na la nje. Huko chini vikagusa kitu chororo, kilichojikunja, chenye manyoya.

Nilipiga kelele. Zuhura akavuta. Nikaanguka chali sakafuni, nikaburutwa hadi mlangoni, na kile kitu kikiwa ngumini mwangu kwa sababu vidole vilikataa kufunguka. Zuhura ndiye aliyenifungua kimoja kimoja. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga, ya sufu, imesinyaa na kuwa ngumu, imezingirwa na nyuzi za kijivu. "Wamemla mtoto," Zuhura akanong'ona. "Kabula, wamemla mtoto na soksi yake." Mimi nilikuwa nimeinusa. Nikaiinua tena puani. Ile harufu ikapata jina. "Dada," nikamwambia, "nusa." Akageuza uso. "Nusa, nakuomba." Akanusa haraka, kama mtu anayeonja sumu, kisha akanusa tena polepole. "Sabuni," akasema. "Sabuni na buluu ya nguo."

Nikarudi ndani, na safari hii mkono ulikwenda wenyewe. Nilitoa bonge la nyuzi kama lile tulilokuwa tunalitoa kila Jumamosi kwenye tundu la hodhi letu. Nikatoa kifungo cha shati. Nikapitisha ukucha kwenye ukuta wa pipa, ukaja na ukoko mweupe unaoteleza, ukoko wa povu lililokauka, ndugu ya ule ulioganda kwenye mahodhi yetu. Nikatazama zile roli mbili za mpira. Nikafungua kanga ya Zuhura kiunoni, nikaichovya kwenye ndoo, nikaingiza ncha yake kati ya zile roli, nikazungusha mkono. Kanga ikamezwa, ikatokea upande wa pili nyembamba, bapa, karibu kukauka, na maji yakateremka yote kwenye pipa. Nikamwonyesha viganja vyangu Zuhura, vile viganja vilivyowaka moto kila siku ya Mungu. Tulitazamana. Akaketi kizingitini akaanza kulia, akisema, "Inakamua. Laana hii inakamua nguo."

Nilikimbilia wodini. "Ni mashine ya kufulia!" nikamwambia Masanja. "Ya kufulia nguo!" Sikutegemea alivyonitazama. Alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Kabula," akasema kwa sauti ndogo, "wamekupa nini uje kuniambia hivyo?" Tumeishi pamoja baada ya hapo zaidi ya miaka arobaini, alinipenda na nilimpenda, lakini swali lile halikuwahi kutoka mwilini mwangu lote. Nilichukua chini ya kitanda nguo zake za shimoni, zile alizovaa siku ya jiwe, ngumu kwa udongo. Nikamwomba Petro tusogeze kitanda, kamba na uzito na vyote, hadi dirishani. "Usiniamini mimi," nikamwambia Masanja. "Amini macho yako."

Daktari alipoiona soksi na kanga alijipiga paji la uso akacheka mpaka akavua miwani. Sikucheka naye. Fundi mkuu akaja, akanuna, akavuta waya, akapaka mkanda mafuta. Mashine ikasogezwa mlangoni, bomba jekundu likaelekezwa kwenye mfereji wa ua. Ilikuwa inakaribia adhuhuri. Watu walisimama mbali, kwenye miti, tayari kukimbia. Na pale pale, kwa njia ya mlimani, akatokea Ngassa na wenzake watatu na machela.

Fundi akawasha. Sikuwahi kusikia sauti ile: ngurumo ya tumboni, na nguo zikipiga ndani, pu, pu, pu, kama mtu anayegonga atolewe. Nilisimama kando yake kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusimama. Kisha daktari akafungua bomba. Maji yakaruka kwenye mfereji, mekundu. Mekundu kabisa. Yowe lililotoka kwenye miti sitalisahau. "Damu! Damu hiyo!" Watu wakatawanyika, Zuhura akapiga shahada, na dirishani Masanja akawa anang'ang'ana na kamba yake, Petro akimshika mabega. Mimi mwenyewe, niliyejua, niliyeinusa ile soksi, nilihisi mwili wangu wote ukisema kimbia. Nikapiga magoti badala yake. Nikachota maji yale kwa kiganja nikayatia mdomoni. Yalikuwa machungu ya sabuni, na chini ya uchungu mchanga ukasagika menoni. Kiswahili kikanikimbia, nilipiga kelele kwa Kisukuma kwamba ni udongo, ni udongo wa shimoni, njooni mwonje. Nikatema matope mkononi, nikamwinulia Masanja ayaone. Aliiachia kamba.

Maji ya pili yalitoka rangi ya chai. Ya tatu yakatoka meupe. Watu walirudi mmoja mmoja, wakasogea, na wale wa mbele wakaanza kucheka kwa aibu. Nikapitisha suruali ya Masanja kwenye roli, ikatoka bapa kama chapati, na sasa kila mtu akacheka, hata Masanja. Mguu ule uliokuwa kambani ndio aliokuja kutembea nao miaka yake yote, umepinda kidogo, mrefu wa kumfikisha shambani na kumrudisha. Katika kicheko kile niliona mtu mmoja tu hacheki. Ngassa alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, machela kando yake.

Nikamwendea. "Shemeji, Masanja hatakwenda. Umeona mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, "Luhende anaendeleaje?" Macho yake yalikuwa kwenye mashine, ambayo sasa fundi alikuwa ameizima. "Ni nguo tu?" akauliza. "Ni nguo tu, shemeji." "Siku zote ilikuwa nguo tu?" Nikachuchumaa kando yake. Akasema, "Hatukufika mlimani. Alikuwa anaomba maji, tukasimama kumpa, tukaona machela inadondoka damu. Tumemzika asubuhi." Nilitaka kumwambia juu ya mlango, kwamba mimi ndiye niliyeushika. Sikumwambia siku ile wala siku nyingine. Nimewaambia wachache sana, na sasa nimeliandika.

Akafungua machela. Ndani alikuwa amekunja blanketi la kitanda, la kijivu, lenye alama ya hospitali pembeni, gumu na jeusi katikati. "Hili si letu," akasema. "Nimelirudisha. Lakini haifai kulirudisha hivi." Akaninyooshea kwa mikono miwili. Fundi alikuwa tayari anakunja waya wake. Nilimwomba awashe tena, naye alipoona nilichobeba akawasha bila neno. Ngassa akasimama karibu kuliko mtu yeyote aliyesimama siku ile. Maji yalitoka mekundu. Miguuni pa wote yakapita, yakaingia kwenye mfereji, na hakuna aliyekimbia. Nilisuuza mara nne. Kisha nikaingiza ncha ya blanketi kwenye roli na kuzungusha mkono, na Ngassa akaja upande wa pili akalipokea.